Mwanangu kamchukua mjomba wake kila kitu. Je, na uteja pia?

Shikamoo daktari. Kaka yangu alianza kula unga akiwa na miaka 19, akafariki akiwa na 31. Mwanangu wa pekee ana miaka 15 na amemchukua mjomba wake hadi kicheko. Picha zote za marehemu nimezificha. Nasikia uteja uko kwenye vinasaba. Kuna kipimo cha damu cha kujua mapema?
Mama wa Tanga

Marahaba, mama, na pole sana kwa kuondokewa na kaka. Kipimo cha kuaminika cha namna hiyo hakipo. Atakayekudai pesa kwa ajili yake anakuibia.

Urithi upo, sitakuficha. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya watu katika kunaswa na dawa za kulevya inatokana na vinasaba. Lakini ni vinasaba vingi mno, kila kimoja na mchango mdogo, na mtoto na mjomba wake hufanana kwa takriban robo tu ya vinasaba hivyo. Kicheko hakikuambii ni robo ipi.

Tena, kuwa na kinasaba si sawa na kinasaba hicho kufanya kazi. Fikiria sanduku la kanga. Seli ya ini, ya ngozi na ya ubongo zote zina sanduku lilelile. Kinachozitofautisha ni kanga zilizotolewa. Katikati ya ubongo kuna seli laki kadhaa tu za dopamini, kemikali inayoufundisha ubongo kwamba jambo fulani lina thamani, lirudiwe. Protini iitwayo Nurr1 husaidia kutoa kwenye sanduku vinasaba vinavyohitajika kuitengeneza dopamini hiyo. Unga, yaani heroini, huziondolea seli hizo breki, dopamini ikamwagika. Ikimwagika siku baada ya siku, seli zinazoipokea nazo hubadili kanga. Hulimbikiza protini nyingine, DeltaFosB, ambayo kwa panya wa maabara hubaki wiki kadhaa baada ya dozi ya mwisho, ikiendelea kuwasha vinasaba hivi na kuzima vile.

Ndiyo maana siwezi kusikia mtu akisema teja hajipendi nikanyamaza. Nina mgonjwa anayekunywa methadoni, dawa ya kutibu uteja wa heroini, kila asubuhi mbele ya nesi wetu. Alikuwa na miaka miwili hajagusa kete. Siku moja daladala ikapita karibu na kijiwe chake cha zamani: jasho likamtoka, tumbo likamkata, arosto kamili, yale mateso ya kukosa unga, na hakuna alichotumia. Alishuka kituo kilichofuata akaja kliniki kwa miguu. Huyo ni mtu anayejipenda sana.

Kwa mwanao, wakati ndio muhimu. Ubongo wa miaka 15 bado unajengwa, na wanaoanza mapema ndio hunaswa zaidi. Kila mwaka anaokaa bila kuonja, hata sigara na pombe, unampunguzia hatari. Jua anashinda na nani, na ukiona amebadilika usingizi au anajitenga, muulize kabla hujamshutumu.

Na hizo picha, mama, zitoe. Mtoto ana haki ya kujua kwamba kwao pombe na unga si vya kujaribiwa, na atalijua hilo kwako au atalisikia kijiweni. Mweleze mjomba wake alivyokuwa, kicheko na vyote. Akiuliza alikufaje, mjibu.