5-FU na Bakteria: Mbona Mchuzi Unachafuka Vilevile?

Niliweka fluorourasili (5-FU), dawa ya saratani, kwenye mchuzi wa LB (lishe ya kukuzia bakteria) wenye bakteria E. coli. Asubuhi mchuzi ulikuwa mzito kama kawaida. Dawa imeharibika? – Mwanafunzi, Dodoma

Huenda dawa ni nzima. Kilichokuponza ni mchuzi. LB ina dondoo ya hamira, yenye urasili (kijenzi cha RNA) inayogombea njia moja na dawa, na thaimidini (kijenzi cha DNA) inayofidia kile dawa inachozuia. Tumia M9, mchuzi usio na dondoo ya hamira. Kwa lita moja: Na2HPO4 isiyo na maji gramu 6, KH2PO4 gramu 3, chumvi gramu 0.5, NH4Cl gramu 1. Glukosi 0.4%, MgSO4 2 mM na CaCl2 0.1 mM vitakaswe pembeni, viongezwe mchuzi ukishapoa. Ukivichemsha pamoja, utaambulia mashapo meupe ya fosfeti. Na usingoje asubuhi: usiku kucha unawapa nafasi bakteria waliobadilika kwa kupoteza jeni ya upp, wasioweza kuiamsha dawa. Pima saa mbili tatu za mwanzo.

Kwenye M9 mchuzi unazidi kuwa mzito, lakini makoloni (vishada vya bakteria vinavyoota kwenye sahani) yanapungua. Nishike lipi? – Kondoa

Yote mawili. 5-FU ikiingia, bakteria mwenyewe huigeuza kuwa FdUMP, umbo la dawa linalofanya kazi, inayong'ang'ania kimeng'enya cha kutengeneza thaimidileti, chanzo cha thaimini ya DNA. DNA inakwama kwa kukosa thaimini. RNA haihitaji thaimini, hivyo inaendelea (tena ikibeba fluorourasili mahali pa urasili), na protini nayo. Seli inarefuka kama uzi bila kugawanyika. Spektrofotomita (kipima mwanga) inaona unene wa mchuzi. Sahani inahesabu wanaoweza kuzaa. Nyuzi za namna hiyo, zilizosababishwa na elektrodi za platini, ndizo alizoripoti mwanasayansi Barnett Rosenberg mwaka 1965, na zikazaa sisplatini, dawa nyingine ya saratani.

Nipime DNA kwa thaimidini yenye tritiamu (hidrojeni nururifu)? – Mpwapwa

Kwa dawa hii, hapana. Thaimidini huingia baada ya hatua iliyozuiwa na dawa, hivyo unamtibu bakteria huku ukidhani unampima. Tumia kitendanishi cha difenilamini, kinachogeuka buluu kikikutana na DNA: osha seli kwa asidi ya pakloriki baridi, zipashe kwenye asidi hiyo 0.5 M, nyuzi 70, dakika 15. Sehemu moja ya maji yake changanya na mbili za kitendanishi hicho, acha nyuzi 30 kwa saa 16 hadi 20, kisha soma nanomita 600. Usiache mezani, usiku wa Juni Dodoma ni baridi na rangi ya buluu itachelewa.

Mabaki nimwage sinki? – Mwanafunzi, Dodoma

La. Mvuke wa kutakasia unaua bakteria tu, dawa inabaki. Vaa glavu, weka kwenye chombo chenye alama, kipelekwe tanuri la joto kali.