Yuda Alikufa Vipi? Kwa Kijana Aliyeniandikia kutoka Kasulu

Juzi usiku kijana mmoja wa Kasulu kaniandikia: "Kaka, Mathayo 27 inasema Yuda alijinyonga, Matendo 1 inasema alianguka akapasuka matumbo. Nimeambiwa nifunge na kuomba shaka iniondoke. Nifanyeje?" Nimeusoma ujumbe huo mara tatu. Swali kama hilo ndilo lililoniondoa kwenye kiti changu.

Nilikuwa naongoza kipindi cha vijana hapa Mwanga, Kigoma. Nikawasomea 2 Samweli 24:1, Bwana anamchochea Daudi ahesabu watu, kisha 1 Nyakati 21:1, mchochezi ni Shetani. Kimya. Mzee mmoja akaja mbele akaifunga Biblia mikononi mwangu, kidole changu kikiwa bado katikati ya kurasa. Jumapili iliyofuata nikakuta mtu mwingine anaongoza. Miaka imepita, lakini bado inaniuma.

Nikakimbilia vitabu vya mashariki. Mzee wa Kihindi mwenye duka la vipuri Ujiji ndiye aliyenisimulia habari ya vipofu na tembo, baadaye nikaikuta kwenye Udana, kitabu cha Wabudha: aliyeshika sikio anasema tembo ni ungo, aliyeshika mguu anasema nguzo, mpaka wakapigana ngumi. Wajaini, watu wa dini nyingine ya kale ya India, wana fundisho zima juu ya hilo, anekantavada, kwamba ukweli una pande nyingi. Isha Upanishad, andiko takatifu la Wahindu, nayo inasema Kile, yaani asili ya vyote, kinatembea na hakitembei, kiko mbali na kiko karibu. Nikasema, kumbe wenzetu hawaogopi! Tangu hapo kila mgongano wa Biblia nikawa naujibu kwa tembo.

Hapo nilipotea, mdogo wangu. Upanishad inaongea juu ya kisichosemeka. Mathayo na Luka, anayetajwa kuwa mwandishi wa Matendo, wanasimulia kifo cha mtu, na mtu hufa mara moja. Ukiyatia yote kapu moja, nawe umeifunga Biblia kama yule mzee.

Watakuambia kamba ilikatika. Huenda, ila hakuna kati ya wawili hao aliyeandika hivyo. Kwa hiyo mwache Mathayo aseme lake na Luka aseme lake. Nyakati kiliandikwa baada ya uhamisho wa Babeli, nyuma sana ya Samweli, na mwandishi wake hakutaka kumtwika Mungu kosa la Daudi. Hilo ni jambo la kujifunza, halihitaji kufichwa. Na soma Mithali 26:4 na 5: usimjibu mpumbavu, halafu mjibu. Waliozipanga hawakuwa wamelala. Naamini waliziweka jirani makusudi, ili msomaji apime mwenyewe.

Omba, ndiyo, lakini omba Biblia ikiwa wazi. Usikubali mtu akuambie kwamba kuuliza ni kukosa imani! Mimi nimerudi ibadani, nakaa benchi la nyuma. Ukishuka Kigoma nitafute, tuanze na huyo Yuda, kurasa zote mbili.