Homoni ipo, kizazi hakionyeshi kitu

SWALI: Daktari, hedhi imechelewa wiki mbili na kipimo cha mkojo kinaonyesha nina mimba. Natokwa na damu kidogo, na nasikia maumivu chini ya tumbo upande wa kushoto. Homoni ya mimba, hCG, imesoma yuniti 1,100 kwa lita, lakini ultrasaundi haikuona kitu kwenye kizazi. Nimeambiwa nirudi baada ya siku mbili nitolewe damu tena. Kama mimba imetunga nje, si waseme tu?

JIBU: Dada, hawakufichi, bado haijulikani. Namba moja ya hCG haisemi mimba iko wapi. Humsaidia mpimaji kujua kama alipaswa kuona kitu. Kwa ultrasaundi ya kupitia ukeni, kifuko cha mimba huanza kuonekana homoni ikifika kati ya 1,500 na 2,000, na madaktari waangalifu husubiri hata 3,500 kabla ya kuamini kwamba kizazi ni kitupu kweli. (Kama ulipimwa juu ya tumbo tu, omba cha ukeni. Cha tumbo huchelewa kuona.) Kwa 1,100, huenda ni mimba changa iliyo mahali pake, huenda inaharibika, huenda imenasa kwenye mrija wa uzazi, unaopitisha yai kwenda kizazini. Kukisia ni hatari: methotrexate, dawa ya kusimamisha mimba ya mrijani, huiua au kuilemaza mimba iliyo salama kizazini.

Damu ya pili itolewe saa 48 baada ya ya kwanza, na ipimwe maabara ileile, kwani mashine mbili zaweza kusoma damu moja tofauti. Wengi wameshika kwamba lazima namba iwe maradufu. Si lazima. Ukianzia chini ya 1,500, hata mimba yenye afya inayopanda taratibu huongezeka walau kwa asilimia 49. Kwako ni kama 1,640. Ikipanda kwa kusuasua au ikiganda palepale, mrija unashukiwa. Ikishuka kwa kasi, yaelekea mimba inaharibika, ila endelea kupimwa mpaka homoni iishe. Ikipanda vizuri, nayo haitoshi: zipo za mrijani zinazopanda kama za kawaida, kwa hiyo ultrasaundi irudiwe mpaka kifuko kionekane.

Siku hizi mbili usikae peke yako wala usisafiri mbali. Mrija hupasuka hata homoni ikiwa chini, kwa hiyo namba ndogo isikutulize. Maumivu makali ya ghafla, kizunguzungu, kuzirai, au maumivu kwenye ncha ya bega (damu iliyovuja tumboni huchokoza msuli wa kupumulia, uchungu ukasikika begani): nenda saa hiyohiyo kwenye hospitali inayofanya upasuaji, usingoje miadi. Uliza pia kundi lako la damu. Ukiwa Rhesus hasi (kundi lenye alama ya kutoa, kama O-), huenda ukahitaji sindano ya anti-D, inayozuia mwili wako kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto.