Injini ya V yenye silinda mbili: mizunguko mingapi ndiyo mahali pake?

Ndugu mleta mada, umeuliza pikipiki yako ya V yenye silinda mbili, yaani silinda zilizopangwa kama herufi V, yenye ujazo wa cc 1,600 hivi, iendeshwe kwa mizunguko mingapi kwa dakika, kwa sababu rafiki mmoja amekuambia usivuke 2,500 ili injini idumu, na mwingine amekuonya kwamba ukiiendesha chini ya 3,000 unaiua. Nimetumia kwa miaka kadhaa pikipiki mbili za aina hii zisizofanana hata kidogo, Suzuki SV650 na Harley-Davidson yenye injini ya Twin Cam 96, na jibu langu ni kwamba rafiki zako wote wawili wanaweza kupatia na wote wawili wanaweza kukosea juu ya injini ileile, kutegemea umefungua akseleta kiasi gani wakati huo. Idadi ya mizunguko peke yake haisemi mengi mpaka ujue pistoni inasafiri umbali gani katika kila mzunguko, na injini imebebeshwa mzigo kiasi gani.

Tuanze na safari ya pistoni, yaani umbali inaokwenda kutoka chini ya silinda hadi juu. Katika SV650 kipenyo cha silinda ni milimita 81 na safari ya pistoni ni milimita 62.6 tu, ilhali katika Twin Cam 96 kipenyo ni milimita 95.25 na safari ni milimita 111. Kila mzunguko pistoni hupanda mara moja na kushuka mara moja, kwa hiyo ukizidisha safari hiyo kwa mbili, ukazidisha tena kwa mizunguko ya dakika moja, kisha ukagawanya kwa 60, unapata mwendo wa wastani wa pistoni kwa sekunde. Twin Cam ikizunguka 5,500, ambapo ndipo mwisho wake, pistoni zake zinakwenda takriban mita 20.4 kwa sekunde. SV650 ikizunguka 10,000, jirani na mwisho wake, pistoni zake zinakwenda takriban mita 20.9. Ni mwendo uleule, ingawa kwenye dashibodi namba moja inakaribia kuwa mara mbili ya nyingine. Mizunguko 2,500 ya Twin Cam, kwa kipimo hiki, inalingana na karibu 4,400 ya SV650, na mizunguko 3,000 ya SV650 ni sawa na 1,700 hivi ya Twin Cam. Ndiyo maana ushauri wa mtu aliyezoea injini ya safari fupi haumfai anayeendesha injini ya safari ndefu, hata kama zote mbili zinaitwa V na zote zina silinda mbili.

Pembe ya V nayo ina neno lake. Silinda za Harley zimekaa kwa digrii 45 na pistoni zote mbili zimeshikwa kwenye pini moja ya krenki, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, kwa hiyo milipuko haifuatani kwa nafasi sawa: baada ya mmoja krenki huzunguka digrii 315 kabla ya unaofuata, na baada ya mwingine digrii 405. Katika SV650, yenye pembe ya digrii 90, nafasi hizo ni 270 na 450. Maana yake ni kwamba kila baada ya mizunguko miwili kuna kipindi ambacho krenki inazunguka zaidi ya duara zima kabla ya mlipuko unaofuata, na sehemu kubwa ya kipindi hicho inategemea uzito wake tu. Krenki ya Twin Cam ni nzito sana na inavumilia pengo hilo. Ile ya SV650 ni nyepesi, hivyo kwa mizunguko michache hupoteza mwendo kisha hurushwa mbele na mlipuko unaofuata, na mshtuko huo wote huishia kwenye cheni, kwenye raba za kitovu cha gurudumu la nyuma na kwenye meno ya gia. Kwa mizunguko mingi hali inageuka. Pembe ya digrii 90 inaziwezesha pistoni kusawazishana vizuri, wakati ile ya digrii 45 inaacha mtetemo unaokua kwa kipeo cha pili cha mizunguko, kiasi kwamba ukitoka 2,500 kwenda 5,000 nguvu ya mtetemo huwa mara nne. (Honda, ilipochagua digrii 52 kwa baadhi ya injini zake, ilitenganisha pini za krenki kwa digrii 76 ili ipate usawazisho bila kupanua V. Mimi naiona ni kazi ya akili sana.)

Sasa tafuta sakafu, yaani mizunguko ya chini kabisa ambayo injini yako inakubali kubeba mzigo bila kulalamika. Hili hulipati kwenye kitabu, unalipata barabarani. Injini ikiwa imepata moto, ingia gia ya juu kwenye barabara tambarare isiyo na magari, acha mwendo ushuke, kisha fungua akseleta robo na usikilize. Rudia kwa nusu, halafu kwa robo tatu. Kwenye Twin Cam niliyokuwa nayo, kwa 1,800 robo ya akseleta ilipokelewa bila neno na pikipiki iliteleza tu, lakini nikifungua robo tatu kila mlipuko ulikuja mmoja mmoja kupitia kiti na vikanyagio, vioo vikaonyesha taa za gari la nyuma zikiwa nne badala ya mbili, na mwendo haukuongezeka kwa kadiri ya mafuta niliyokuwa nikimwaga. Ilipofika 2,200 mapigo yaliungana, vioo vikatulia, na akseleta ikaanza kuleta mwendo badala ya kelele. Hiyo 2,200 ndiyo ilikuwa sakafu yake. Kwenye SV650, katika gia ya sita, cheni ilikuwa ikichapa mkono wa gurudumu kwa chini ya 3,000, na ilikubali akseleta nzima kuanzia 3,500 hivi.

Zingatia kwamba sakafu inapanda kadiri unavyofungua mafuta, na hapa ndipo rafiki zako wanapopishana. Kwa 1,800, barabara tambarare na akseleta iliyofunguliwa kidogo, injini haidhuriki, na rafiki wa kwanza ana haki. Kwa 1,800 hiyohiyo, ukiwa umempakia mtu, unapanda mlima na akseleta imefunguliwa hadi mwisho, silinda inajazwa hewa na mafuta tele huku pistoni ikienda polepole, na mchanganyiko ambao bado haujafikiwa na moto wa plagi unapata muda mrefu wa kukaa kwenye joto na shinikizo mpaka unawaka wenyewe. Ndiko kugonga kwa injini, na sauti yake ni kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Ukiisikia, punguza akseleta kwanza, kisha shusha gia. Katika injini inayopozwa kwa upepo hatari ni kubwa zaidi kwa silinda ya nyuma, kwa kuwa imejificha nyuma ya ile ya mbele na upepo unaoifikia umeshapata joto. Harley wenyewe waliweka katika baadhi ya pikipiki zao mfumo unaozima uwakaji wa silinda ya nyuma pale injini inapopata joto kupita kiasi ikiwa imesimama, na hiyo inatosha kuonyesha ni silinda ipi inayoteseka.

Kuna hoja nyingine inayorudiwa sana bila kuchunguzwa, kwamba injini ikibebeshwa mzigo kwa mizunguko michache utando wa oili kwenye beringi za krenki huvunjika. Kwa SV650, ambayo krenki yake inazunguka ndani ya beringi laini zisizo na gololi wala rola, hoja hiyo ina msingi, kwa sababu ni mwendo wa krenki wenyewe unaovuta oili na kuiinua juu ya chuma. Kwa Twin Cam, ambayo konrodi zake, yaani vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, zimekaa juu ya rola, haina uzito huohuo. Kinachoiumiza injini hiyo ni kugonga, joto na mapigo yanayotwanga klachi na gia. Matokeo kwa mwendeshaji ni yaleyale, ila ni vizuri kujua unachokiogopa.

Juu ya sakafu kuna namba ambayo watu huipenda mno, nayo ni ile ya torki (nguvu ya kuzungusha krenki) ya juu kabisa. Kwa Twin Cam 96 huwa kati ya 3,000 na 3,500 kutegemea modeli. Kwa SV650 ya mwaka 2017 ni newtonmita 64 kwa mizunguko 8,100. Wengi husema hapo ndipo mahali bora pa kuendeshea. Jaribu kukaa kwenye 8,100 safari nzima na SV650 uone kama utafika ukiwa na hamu ya kurudi. Namba hiyo inaonyesha mahali ambapo kila mlipuko unasukuma kwa nguvu zaidi, basi. Nguvu ya injini kwa kilowati ni torki mara mizunguko ukigawanya kwa 9,549, na huendelea kukua hata baada ya torki kuanza kupungua, ndiyo maana SV650 hiyo hutoa kilowati zake 56 ikiwa kwenye 8,500. Mimi huichukulia namba ya torki kama dari la safari ya kawaida: nikikaa chini yake kidogo, nikifungua akseleta ili kupita gari, injini inapanda kuelekea kwenye nguvu badala ya kuiacha nyuma. Kwa Twin Cam hilo lilinipa eneo la kati ya 2,300 na 3,200, na kwa SV650 kati ya 4,000 na 6,000.

Kubadili gia ndiko kunakoivunja kabisa ile kanuni ya 2,500. Katika sanduku la gia sita la Harley, kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili mizunguko hushuka kwa takriban asilimia 30, na kutoka ya tano kwenda ya sita hushuka kwa asilimia 15 hivi. Ikiwa sakafu ni 2,200, basi ili ukitua kwenye gia ya pili usiangukie chini yake, ni lazima ubadili kwenye 3,150 au zaidi. Kwa gia ya sita 2,600 inatosha. Anayebadili gia zote kwenye 2,500 anatua kwenye 1,750 kila anapoondoka, tena wakati huohuo anafungua akseleta ili pikipiki ishike mwendo. Anadhani anaitunza injini, kumbe anaibebesha mzigo mahali inapoumia.

Umesema pikipiki yako haina mita ya mizunguko. Si tatizo. Weka alama ya chaki kwenye tairi la nyuma na sakafuni, kaa juu ya pikipiki, mwenzako aisukume mpaka alama igeuke duara moja, mpime umbali huo. Chukua kwenye kitabu uwiano wa jumla wa kila gia, kutoka krenki hadi gurudumu. Tuseme tairi linakwenda mita 2 kwa duara: kwa kilomita 90 kwa saa unakwenda mita 1,500 kwa dakika, gurudumu linazunguka mara 750, na gia yenye uwiano wa 2.8, ambao ni jirani na gia ya sita ya Twin Cam 96, inakupa mizunguko 2,100. Yaani kwa mwendo huo gia ya sita iko chini ya sakafu, ilhali gia ya tano, yenye uwiano wa 3.3, inakupa karibu 2,475. Ndiyo sababu sikuwa naigusa gia ya sita kabla ya kilomita 100 kwa saa, isipokuwa barabara iwe inateremka. Ukishaandika jedwali dogo la namna hii kwa gia zako zote, baada ya muda sikio litashika sauti na hutalihitaji tena.

Injini ikiwa ya baridi, usiipandishe sana wala usiibebeshe mzigo mpaka oili ipate moto. Ikiwa mpya, fuata kitabu chake. Cha Harley kinataka uwe chini ya 3,000 kwa kilomita 80 za kwanza, kisha usizidi 3,500 mpaka kilomita 800, ukibadilishabadilisha mwendo, na kinakataza waziwazi kuilemea injini kwa mizunguko michache hata katika kipindi hicho. Na kama pikipiki yako imebadilishwa kemu (shafti inayofungua valvu) au ekzosi, sakafu huenda imepanda kuliko ya pikipiki nyingine ya modeli hiyohiyo, kwa sababu kemu nyingi za kuongeza nguvu huisogeza torki kwenda juu. Kwa hiyo usichukue 2,200 yangu, rudia jaribio la robo, nusu na robo tatu kwa injini uliyonayo.