Wasomaji Wanauliza: Mashine ya Aiskrimu Inanuka Maziwa

SWALI: Habari za kazi. Nina mashine ndogo ya aiskrimu, ile ya bakuli linalolazwa kwenye friza. Kila nikimaliza naiosha kwa maji ya moto na sabuni, kisha nasugua bakuli kwa majivu kama ninavyosugua sufuria. Bado inanuka maziwa yaliyochacha, na bakuli limeanza kuwa jeusi ndani. Nakosea wapi? – *Msomaji, Ujiji, Kigoma*

JIBU: Dada, bidii unayo, ila umeanzia mwisho. Maji ya moto yakikuta mabaki ya maziwa, protini yake hushikamana na chombo kama ute wa yai kwenye kikaango. Sabuni inayofuata hapo inapita juu ya utando tu. Anza na maji ya kawaida ya bomba, suuza mpaka yanayotoka yawe maangavu. Ndipo ulete maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya maji na sponji laini.

Bakuli lenyewe lina taratibu yake. Likitoka friza, maji utakayomimina yataganda ukutani, kwa hiyo toa aiskrimu kwa mwiko wa mbao au wa plastiki, futa mabaki kwa kitambaa safi chenye unyevu, kisha liache mezani lipoteze ubaridi wote. Wakati huo osha kikorogeo na mfuniko, maana hivyo havina sababu ya kusubiri. Kati ya kuta mbili za bakuli kuna kimiminika kinachotunza baridi. Maji ya moto hukitanua na kufungua maungio, na siku ukiona majimaji yanavuja usiyoyajua, bakuli hilo halina fundi. Liache kutumika.

Huo weusi si uchafu. Mabakuli mengi ya namna hii yana alumini ndani, na majivu ni magadi kwa asili yake: huila alumini, na chembe zake huikwaruza. Magadi soda na stilwaya ni vilevile. Paka maji ya limau kwa dakika kumi, suuza vizuri, weusi utapungua ingawa hautaisha wote. Mikwaruzo ndiyo mibaya zaidi, kwa sababu maziwa hujificha humo.

Harufu, hata hivyo, kwa kawaida haitoki kwenye bakuli. Kagua tundu la kikorogeo linaloingia kwenye ekseli, ukingo wa kitundu cha kumiminia kwenye mfuniko, na chini ya ule mpira wa duara kama mashine yako inao. Ng'oa mpira, usioshe ukiwa mahali pake. Mara nyingi utakuta ukoko mgumu wa rangi ya maziwa: ni chokaa ya maziwa iliyochanganyika na madini ya maji. Maji ya Ziwa Tanganyika yana kalsiamu na magnesiamu ya kutosha, wenyeji wa Kigoma mnaujua utando mweupe wa kwenye birika. Sabuni haiutoi. Loweka sehemu za plastiki katika siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, dakika 20, kisha sugua kwa mswaki wa zamani na usuuze.

Mwisho ni kuua vijidudu. Dawa ya klorini ya nguo nyeupe, ile tunayoiita jiki hata kama si ya kampuni hiyo, ikiwa ya asilimia 3.5 (soma chupa), weka kijiko kimoja cha chakula, yaani mililita 15, katika lita 5 za maji. Zamisha kikorogeo na mfuniko kwa dakika mbili, viache vikauke vyenyewe kwenye kichanja. Usifute kwa kanga wala taulo la jikoni, utarudisha ulichokiua. Dawa hiyo isiguse alumini, na isikutane kabisa na siki: vikichanganyika hutoa gesi ya sumu. Ndiyo maana siki husuuzwa kwanza.

Bakuli likikauka kabisa lifunge kwenye mfuko wa plastiki ndipo uliingize friza. Likiingia na unyevu, barafu nyembamba itajitengeneza ukutani na kikorogeo kitakwaruza hapo. Mfuko pia unalikinga na jirani yake, maana friza nyingi za Kigoma hazikosi dagaa.

SWALI: Natumia ndoo ya kuzungusha kwa mkono, yenye barafu na chumvi. Mara mbili sasa aiskrimu imetoka na ladha ya chumvi, na chuma cha mkono kimeanza kutu. – *Mwanga, Kigoma*

JIBU: Tafuta kitundu kilicho ubavuni mwa ndoo, karibu na juu. Kazi yake ni kutoa maji ya chumvi kabla hayajafikia mfuniko wa kopo la ndani. Kikizibwa na kipande cha barafu au mchanga wa chumvi, maji hupanda na kupenya. Kizibue kwa kijiti kabla ya kuanza na tena katikati ya kazi. Unapomaliza, futa mfuniko na shingo ya kopo *kabla* ya kulifungua. Watu wengi hufungua kwanza, na tone moja linatosha kuharibu.

Kipimo ni bakuli nne hadi tano za barafu iliyopondwa kwa bakuli moja ya chumvi ya mawe. Ya Uvinza inafaa sana, na kwa bei ya kwenu hakuna sababu ya kutumia chumvi laini ya mezani. Kuhusu kutu: maji ya chumvi yasilale kwenye ndoo hata usiku mmoja. Suuza vyuma vyote mara mbili kwa maji mengi, vikaushe kwa kitambaa (hapa kitambaa kinaruhusiwa, chakula hakigusi), kisha vianike. Ndoo ikiwa ya mbao, ijaze maji saa chache kabla ya kazi ili mbao zivimbe na kuziba nyufa.

SWALI: Nimenunua mashine yenye kompresa yake, imeletwa kwa lori. Inanguruma lakini aiskrimu inabaki uji. Umeme nao hukatika na kurudi. Halafu natumia asali yetu ya Tabora badala ya sukari. – *Ipuli, Tabora*

JIBU: Huenda una matatizo matatu kwa pamoja, kaka. Mashine iliyosafiri imelazwa ubavu isimamishwe saa 24 kabla ya kuwashwa, ili mafuta yarudi kwenye kompresa. Umeme ukikatika, usiiwashe papo hapo unaporudi. Ngoja dakika tano presha ya gesi itulie, na stebilaiza yenye kuchelewesha umeme itakufanyia kazi hiyo. Acha nafasi ya sentimita 15 kila upande wenye matundu ya hewa, na vumbi la kiangazi lisafishwe kwa brashi kavu kila mwezi, plagi ikiwa imetolewa.

Kama bakuli lake hutoka, soma kitabu cha mashine: baadhi huhitaji maji kidogo ya chumvi kati ya bakuli na kuta za kugandishia, la sivyo pengo la hewa huzuia baridi. Maji hayo yafutwe kila mara baada ya kazi. Bakuli likigandia humo usilichokonoe kwa kisu. Zima, subiri.

Na asali? Hiyo ndiyo tunayoishuku zaidi. Glukosi na fruktosi zilizomo hushusha kiwango cha kuganda karibu mara mbili ya sukari ya mezani, kwa hiyo ukibadilisha sukari yote, mashine haina kosa. Badilisha nusu tu. Mchanganyiko uingie ukiwa umepoa kwenye friji usiku kucha, na usizidi theluthi mbili za bakuli, kwa kuwa hewa huujaza.

SWALI: Kikorogeo kinalia tek-tek kisha kinasimama. Fundi anasema nitie mawese kwenye gia. – *Gungu, Kigoma*

JIBU: Mawese yabaki kwenye mboga. Mafuta ya kupikia huchacha na kuwa gundi ndani ya gia. Kama gia zinahitaji kilainishi, ni grisi inayoruhusiwa kwenye mashine za chakula, kidogo kiasi cha punje ya harage. Lakini kwanza angalia aiskrimu yenyewe: ikishakuwa nzito, kusimama ni kawaida, na mashine nyingine hugeuza upande ili gia zisivunjike. Kama tek-tek huanza dakika ya pili tu, ulimimina mchanganyiko kabla ya kuwasha mota, ukaganda ukutani. Washa kwanza, mimina kikorogeo kikiwa kinazunguka. Kikilia hata bakuli likiwa tupu na kavu, meno ya gia yamelika. Hapo mwambie fundi atafute gia.