Obama hakudondoka toka mbinguni 2004
Eti Obama aliibuka tu na ile hotuba ya Boston, kwenye mkutano mkuu wa chama chake cha Democratic? Hapana bana, jamaa alikuwa kwenye seneti ya jimbo la Illinois toka 1997, na kiti chenyewe alikipata kibabe, timu yake ilikagua saini za fomu za wapinzani moja moja mpaka wote wakatoka, hata mama Alice Palmer aliyekuwa anakishikilia. 2000 akamvaa Bobby Rush, mbunge aliyekuwepo, kwenye mchujo wa chama wa ubunge wa Marekani, akala kichapo 2 kwa 1 hivi. Kilichomwokoa naona ni 2003, Democratic wakaichukua seneti ya Illinois, bosi wao Emil Jones akampa miswada mizito, mfano ule wa polisi kurekodi mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji. Hotuba ilikuwa Julai 2004, mchujo wa chama wa useneta wa Marekani alishashinda Machi.