Manowari iliyovunjika mkuku na bado ikatumika miaka 25

Swali: Shikamoo chifu. Mzee wangu alikuwa fundi wa majahazi hapa Lamu, siku zote alisema mkuku, ule uti wa mgongo wa chini ya chombo, ukivunjika jahazi limebaki kuni. Sasa binamu yangu yuko Dubai ananiambia kuna frigeti, manowari ya ukubwa wa kati, ya Marekani inaitwa Samuel B. Roberts ilikanyaga bomu la kutega pale Ghuba, mkuku ukakatika, halafu ikatengenezwa ikarudi kazini. Ni kweli ama ni stori za baharia? Na kama ni kweli, ilielea vipi?

Jibu: Marahaba kijana wangu. Ni kweli kabisa, na mzee naye hakukosea, ila yeye alikuwa anaongelea mbao.

Kwenye jahazi mkuku ndo mama wa kila kitu, mataruma, yaani mbavu za chombo, yamekaa juu yake, mbao zimegongwa kwenye mataruma, ukienda huo kila kitu kinaachia. Meli ya chuma haiko hivyo. Chukua kasha la viatu, lifunge mfuniko, jaribu kulikunja, hukunji, maana chini, ubavuni na juu vyote vinasaidiana kubeba. Mkuku wa meli ya chuma ni sehemu moja tu ya hilo kasha. Roberts ilikatika chini na mbavuni, ikabaki imeshikwa na deki ya juu kama bawaba ya mlango. Mabaharia walikuwa wanaona nyufa kwenye jengo la juu, lile la aluminiamu, zinafunguka na kufunga kila wimbi likipita. Wakavuta nyaya za chuma wakafunga upande huu wa ufa na ule wakazikaza, yaani walishona meli kama mtu anavyoshona gunia. Mi nimefanya kazi chelezoni, kwenye karakana ya meli, miaka mingi, ufa wa sentimita 10 tu kwenye bamba tunatoboa tundu kwenye ncha yake usizidi kukimbia, hao ufa ulikuwa unapumua na wako baharini!

Kisa chenyewe kilikuwa 14 Aprili 1988, wakati wa vita vya Iran na Iraq, Wamarekani walikuwa wanasindikiza meli za mafuta za Kuwait. Meli yenyewe mpya, ina miaka miwili tu tangu ianze kazi. Walinzi wa omo, mbele ya meli, wakaona mabomu matatu yanaelea mbele, nahodha Paul Rinn akaamua warudi kinyumenyume wakifuata njia ileile waliyojia, akili nzuri kabisa, ila kulikuwa na la nne. Hilo bomu ni aina ya M-08, mchoro wa Kirusi wa mwaka 1908, baruti yake kilo mia na kitu. Likapasua tundu la mita 4 na nusu hivi, pikapu ingepita bila kukwaruza vioo. Tabaini zote mbili, ndo injini zenyewe, zikang'oka kwenye vitako, chumba cha injini kikajaa, na kile cha mashine cha nyuma yake kikajaa, na moto umewaka juu.

Sasa hapa ndo penye jibu lako. Meli imegawanywa kwa balkhedi, kuta za chuma zisizopitisha maji, na vyumba viwili vikubwa vilishajaa maji. Kilichobaki ni ukuta wa mbele, kati ya chumba cha injini na chumba cha mashine kinachofuata, nao unavuja. Ule ukiachia, kwisha. Watu wakauegemeza kwa mbao, wakaziba kwa chochote walichopata mkononi. Na nahodha akatoa amri ambayo mi naiona ndo iliyookoa meli: acheni kwanza kumwagia moto maji, nguvu zote ziende kwenye kuzuia mafuriko. Mtu wa nchi kavu atashangaa, moto unawaka unasema acha maji? Lakini yale maji ya mipira yote yanabaki ndani, tena juu, na maji yaliyo juu yanayochezacheza huku na huku ndo yanayopindua meli, wewe si ushaona ngalawa yenye ngama nyingi, maji yaliyojikusanya chini, inavyoyumba kilevi. Kwa muda wa saa tano wakahangaika, 10 walisafirishwa hospitali, wengine wameungua vibaya, hakufa hata mmoja.

Injini hazipo, wakateremsha mota mbili ndogo za umeme za chini ya omo, horsepawa 350 kila moja, kazi yake hasa ni kusaidia kufunga gatini. Wakajikokota kwa mwendo wa noti 5 hivi, kama kilomita 9 kwa saa, kutoka eneo la mabomu, kisha ikavutwa mpaka Dubai. (Siku nne baada ya mlipuko Marekani ikalipiza kwa kupiga majukwaa ya mafuta na meli za Iran, hiyo stori yake ndefu.) Kutoka Dubai ikapandishwa mgongoni mwa meli ya mizigo mizito, Mighty Servant 2, ile inayojizamisha kidogo mzigo uingie juu halafu inaibuka, ikabebwa hadi Newport, Marekani.

Matengenezo hawakuziba tundu kama unavyopiga kiraka sufuria. Kule Portland, Maine, walikata chumba cha injini chote, wakaingiza kipande kipya cha tani 315 wakakiunganisha kwa welding. Karibu dola milioni 90. Oktoba 1989 ikawa tayari, na ilistaafu tarehe 22 Mei 2015 kule Mayport, Florida. Kichekesho ni kwamba miaka yake kumi ya mwisho hivi haikuwa hata na kile kirushio chake kikuu cha makombora, jeshi lilishakiondoa kwenye frigeti zake zote za aina hiyo. Mkuku ule wa kuungwa ndo uliobaki unafanya kazi.